Mkwaruzo wa Zamda Kutu

Asubuhi ya kupokelewa kwake, Zamda aliamka akiwa na umri wa miaka ishirini, na ilimchukua muda kuupata umri wake halisi, kama mtu anayepapasa ndara uvunguni mwa kitanda. Kwanza aligusa thelathini, akaisukuma pembeni. Halafu magoti yakasema kweli, mgongo ukaongezea yake, na alipofika mbele ya kioo alikuwa ameshakuwa mwanamke mtu mzima aliyenyoa pembeni na kusimamisha nywele za katikati, mtindo wa panki ambao watoto wa mtaa waliuita jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa na mvi. Zamda alimpaka rangi nyekundu taratibu, akiimba puani, na moyo wake ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi. Si mwanamke wa kutulia, huyu. Alikuwa amepiga kelele maisha yake yote, kelele zikamlea, zikamlisha, zikamfukuzisha nyumba za kupanga kadha wa kadha, na leo zilikuwa zinakwenda kupata pa kukaa.

Mji wake haukuwa na jina. Wageni walipouliza unaitwaje, wenyeji waliwauliza wao wanalitakia nini. Kilichoutofautisha na miji mingine ni kwamba miaka haikupita pale, ilihamia. Kila mwaka ulipokwisha ulijitafutia mtaa, ukapanga chumba, ukakaa. Ukitaka kuuona mwaka uliofiwa na baba yako, ulipanda kilima cha wauza mkaa ukaukuta barazani unachambua mchele. Ukitaka ujana wako, ulishuka bondeni kwa wafua bati. Watu walishazoea. Mama alimtuma mtoto dukani na kumwonya asipitie uchochoro wa kulia, asije akarudi na ndevu.

Sasa Nyumba ya Mapokezi. Nitaieleza mapema, maana simpendi msimuliaji anayemwacha msomaji akikuna kichwa huku yeye anajiona mwerevu. Katika mji ule wimbo ulikufa na mwimbaji wake. Haukufifia, ulikufa, watu walirudi kutoka mazikoni wakiwa hawakumbuki hata kwamba waliwahi kuuimba bafuni. Njia ya kuuokoa ilikuwa moja tu. Mwimbaji, angali na pumzi, aliingia Nyumba ya Mapokezi adhuhuri moja, akauimba mara moja mbele ya yeyote aliyependa kuja, na jinsi ulivyosikika humo ndivyo ulivyobaki. Tena si kubaki kuanzia pale. Ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka yote kule mitaani ilijirekebisha, ikahamisha viti na kubadilisha nguo, mpaka ifanane na kilichosikika, na vichwa vya watu vikafuata. Mzee mmoja mpiga zeze alipokelewa akiwa na mafua. Leo hakuna anayemkumbuka akiwa na pua kavu, na jirani zake wanaapa kwamba marehemu mama yake alikuwa akimchemshia tangawizi tangu anatambaa. Vitu peke yake, vile vilivyokuwa ndani ya Nyumba saa ile, ndivyo vilivyotoka kama vilivyoingia. Ndiyo maana mji ulijaa vitu ambavyo hakuna aliyejua habari zake.

Kusahauliwa hakukumtisha Zamda. Angesahauliwa yeye, angepumzika. Shida yake ilikuwa Kidawa.

Kundi lao liliitwa Kutu, na lilikuwa la watu wawili: Zamda na gita lake, Kidawa na ngoma zake za mapipa. Spika yao moja ilikuwa na mpasuko kwenye karatasi yake ya mbele, urefu wa kidole. Kila Kidawa alipokanyaga pedali ya lile pipa kubwa, karatasi ilitetemeka, kingo za mpasuko zikagongana, na sauti ya gita ikatoka na mkwaruzo. Khrrr. Ukiusikia ulijua Kidawa amepiga. Kidawa alikufa kwa homa, akiwa bado ana utani mdomoni, na baada ya hapo Zamda aliimba peke yake, akikanyaga sakafu kwa buti pale ambapo mwenzake angekanyaga pipa. Mkwaruzo ulikuja vilevile. Zamda alishawahi kuutafuta mtaani mwaka wa mwisho wa Kidawa, akakuta mlango umefungwa na ufunguo kapewa jirani aliyehama. Basi Kidawa hakuwa mtaani, wala hakuwa kaburini, kwa maana Zamda alikaa sana kaburini na hakuhisi mtu. Alikuwa ndani ya mpasuko wa spika, na akitoka mle hakuwa na kwingine pa kukaa.

Nyumba ya Mapokezi ilikuwa na utaratibu kwamba vyombo vichukuliwe kabla ya siku yenyewe, vipelekwe kwa mtu wa mjini aliyejitolea kuvifuta vumbi kwa ajili ya thawabu. Spika ya Zamda iliombwa na Feruzi mshona miavuli. Mji mzima ulijua sababu. Feruzi ndiye aliyeipasua.

"Hodi hapa."

"Karibu, bwana Feruzi. Mlango uko wazi."

Aliingia kinyumenyume akivuta mkokoteni, mzee mwembamba mwenye kofia safi na meno machache. Juu ya mkokoteni kulikuwa na spika imefunikwa shuka. Aliuegesha katikati ya chumba, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama kama bwana harusi anayesubiri kuitwa. "Nimekuletea mzigo wako, Bi Zamda. Ufunue mwenyewe."

Zamda alifunua. Pale palipokuwa na mpasuko palikuwa na mshono. Mshono mweusi, mdogo mdogo, umekwenda sawasawa kutoka juu mpaka chini.

"Nimeishona," Feruzi alisema. "Uzi wa miavuli, ule wa nta. Kwa nyuma nimetia kiraka. Sasa hata ukiimba mvuani haipitishi maji."

Zamda alichomeka waya, akagusa uzi mmoja wa gita. Sauti ilitoka laini, nyoofu, imenawa uso. Akakanyaga sakafu kwa buti. Karatasi haikutetemeka. Ilikuwa sauti nzuri, nzuri kwelikweli, na Kidawa hakuwamo.

"Unasikia?" Uso wa mzee ulikuwa umefunguka wote. "Haina kidonda."

"Nasikia."

"Miaka yote hii, Bi Zamda, nilikuwa nakukwepa sokoni. Ukija upande wa nyanya, mimi naenda upande wa dagaa. Dagaa wenyewe siwali. Nikasema, kabla hatujatiwa udongoni, nimrudishie mtu kitu chake kama kilivyokuwa."

Zamda alikuwa na mdomo. Mdomo ule ulishawahi kumtusi mkuu wa mji mbele ya wake zake wote. Lakini huyu hakuwa mkuu wa mji. Unamwambiaje mtu kwamba amekuua kwa wema? Alimtazama vidole, vilivyojaa matundu ya sindano, akasema, "Ahsante, bwana Feruzi. Umefanya kazi nzuri." Na kazi ilikuwa nzuri, hakudanganya.

Waliondoka pamoja, Feruzi akivuta na Zamda akisukuma, gita mgongoni na koti la ngozi mwilini. Koti lile lilikuwa zito kwa pini. Zamani, kwenye mji ule, mwimbaji wa kuwaliza watu alitunzwa noti. Watu walicheza wakasogea mbele na kumbandika kipajini. Siku Zamda alipoanza kuimba hakuna aliyekuwa na noti, na waliokuwa nazo walikuwa nje wakiita askari, basi vijana walisogea wakicheza vilevile, kwa madaha yote ya kutunza, wakamchoma pini kwenye koti. Desturi ikashika. Alipotembea koti lililia kidogo kidogo, na leo lilimfurahisha kama siku zote.

Njia fupi ya kwenda Nyumba ya Mapokezi ilipita bondeni kwa wafua bati. Walipoingia mtaa ule mkokoteni ukawa mwepesi. Magoti ya Zamda yakanyamaza. Alitupia jicho mbele akaona mgongo wa Feruzi umenyooka na shingo yake imejaa, na kiunoni ana msharasi, ile sindano nene ya mpini wa mti. Alikuwa kijana mwenye hasira, na mzuri wa sura pia, jambo ambalo mara ya kwanza Zamda hakupata nafasi ya kuliona.

"Tupite haraka," kijana alisema bila kugeuka.

"Polepole, bwana Feruzi. Mimi huku napapenda."

Dirishani kwa ule mwaka mambo yalikuwa yanaendelea kama kawaida yake. Ghala la magunia, limejaa vijana. Msichana mwenye gita asiyejua kulipiga. Msichana mwenye mapipa anayejua sana. Upande wa pili wa ukuta, kibanda cha mshona miavuli, ambaye kazi yake ilitaka ukimya kwa kuwa kitambaa cha mwavuli kinapokaribia kuchanika huonya kwa sauti ndogo, na fundi asiyeisikia hula hasara. Wimbo ulianza. Uliitwa "Nimelirudisha Jina".

Mlinipa jina, nikalirudisha.
Mlinipa kiti, nikakipasua kuni.
Mlinipa adabu, nikaivaa ndani nje.
Haya, nipeni njaa, hiyo naijua.

Feruzi aliuchukia wimbo ule kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Aliingia ghalani akipiga watu vikumbo, akauchomeka msharasi katikati ya spika na kuuvuta chini, kisha akatimua mbio. Kukawa kimya. Na hapo, wakati Zamda ameshaanza kulia kwa haya, Kidawa kwa hasira tu alikanyaga pipa kubwa kwa nguvu zake zote, mkono wa Zamda ukashtuka juu ya nyuzi, na spika ikatoa sauti ambayo mji ule haukuwahi kuisikia. Vijana waliinuka wote kwa pamoja. Kabla ya pale Zamda alikuwa msichana mwenye makelele. Baada ya pale alikuwa Zamda Kutu.

Feruzi hakuwapo, alikuwa anakimbia. Mkwaruzo aliusikia baadaye, kupitia ukuta, siku zote za maisha yake, na kwake yeye ulikuwa kilio cha kitu alichokijeruhi. Aliamini watu wanampenda Zamda kwa kumwonea huruma, kwamba anaimba hivyohivyo na kidonda chake. Hakuna aliyemwambia vingine. Hakuna aliyedhani mtu angehitaji kuambiwa.

Na Zamda, akisukuma mkokoteni, aliwaza hivi, vipande vipande, kwa jinsi kichwa chake kilivyozoea kutunga:

Mtu ni kile alichozaliwa nacho, au ni pale alipopasuka?

Kama ni pale alipopasuka, basi huyu anayenivutia mkokoteni ndiye aliyenizaa.

Na kama ndiye aliyenizaa, ana haki ya kunishona.

Hapana, hana.

Ana haki ya kutaka kulala, lakini. Kila mtu ana haki hiyo.

Walipita mtaa wa mwaka ambao Wakubwa wa mji waliupiga marufuku wimbo, na mashairi yake yakafutwa kwenye kuta kwa chokaa, kuta zikapendeza kwa mara ya kwanza. Wakapita mtaa wa mwaka ambao Wakubwa wenyewe walikutwa wanauimba puani kwenye mikutano, kisha wakamtuma mtu na kiti cha kunakshiwa ili Zamda akae nao. Zamda alikipokea kwa heshima zote. Kidawa alikipasua kuni na wakapikia maharage. Pale dirishani walikuwa bado wanakula, Zamda akapunga mkono, na yule Zamda wa ndani akapunga kijiko. Wakapita miaka ya sifa, yenye nyumba kubwa na madirisha machafu, na miaka ya kusahaulika kidogo, ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuwa na vivuli vizuri na majirani wema. Zamda hakuwa na kinyongo na hata mtaa mmoja. Aliwahi kuulizwa kama angependa kuishi vingine, akajibu kwamba angependa buti lisilobana.

Mtaa wa mwisho ulikuwa na ule mlango uliofungwa wa mwaka wa Kidawa. Hakusimama, aliugusa tu kwa kiganja.

Nyumba ya Mapokezi ilikuwa nyeupe nje na ndani, na aliyekuwa mlangoni ni Mpokezi, mwanamume mpole ambaye hakuna aliyejua alipokelewa na nani. Aliwakaribisha kwa mikono miwili, akawapeleka chumba cha kungojea, akaomba asikie chombo. Zamda aligusa uzi. Mpokezi alifumba macho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mama, nikwambie kweli, tulikuwa na wasiwasi. Tuliogopa utatuletea na ule uchafu."

"Uchafu gani, mwanangu?"

"Ule mkwaruzo. Sasa umekuwa wimbo. Utaimbwa mashuleni, utaimbwa Wakubwa wakiapishwa. Watoto watauimba wakiwa wamesimama mstari."

"Na Kidawa?"

Mpokezi alifungua macho. "Kidawa ndiye nani?"

Mpokezi alipotoka, na Feruzi alipokwenda kutafuta maji ya kunywa, Zamda alibaki peke yake na spika. Ndani ya buti alikuwa na wembe wa kunyolea pembeni mwa jogoo. Aliutoa. Ilikuwa kazi ya mara moja, kuuburuza juu ya uzi, na Kidawa angerudi. Aliinama, akaweka ncha ya wembe kwenye mshono wa kwanza. Kwa karibu vile, aliona kitu ambacho nyumbani hakukiona: pembeni mwa kila tundu la uzi palikuwa na tundu jingine dogo, na jingine, yote yamezibwa kwa nta. Mkono wa mzee ulitetemeka. Kila mshono aliukosea, akaufumua, akauanza upya, usiku na mchana, mpaka ukakaa sawa. Hakuna mstari wa wimbo ambao Zamda aliwahi kuuhangaikia hivyo. Alipenda kazi iliyofanywa vizuri, na alijikuta anampenda na huyu mpumbavu aliyeifanya, na alichukia kumpenda saa ile kuliko saa zote.

Feruzi alirudi na bilauri mbili. "Umeangusha kitu?"

"Wembe wangu," Zamda alisema, na kuurudisha butini. "Lete maji."

Ukumbi ulijaa. Walikuja vijana wa ghalani wakiwa na vitambi na wajukuu, wengine wakiwa wamesimamisha nywele chache walizobaki nazo. Madirisha makubwa yalitazama mitaa yote ya miaka. Feruzi alipewa kiti cha mbele, cha watu waliotenda wema. Mpokezi alisimama ukingoni mwa jukwaa, akainua mkono mmoja: adhuhuri imefika. Wimbo ukianza haukusimamishwa. Uliokatika ulikuwa umekatika.

Zamda alipiga. Sauti ikatoka safi.

Mlinipa jina, nikalirudisha.

Ilikuwa tamu. Alikanyaga sakafu kwa buti na hakuna kilichomjibu. Nje ya madirisha, kule bondeni, aliona mwaka wa ghalani umeanza kuhamisha vitu: magunia yanatolewa, mapazia yanatundikwa. Msichana mwenye gita alikuwa amevikwa gauni lililopigwa pasi.

Mlinipa kiti, nikakipasua kuni.

Alikanyaga tena. Akajaribu kukumbuka kicheko cha Kidawa, kile cha kukoroma mwishoni, akapata kicheko kingine, cha mtu aliyefunika mdomo kwa leso. Akajaribu uso, ukaja wa binamu fulani. Akajaribu jina.

Kid.

Kida.

Lilikuwa na nini mbele? Palikuwa na mtu, nakumbuka palikuwa na mtu hapa, upande wa kushoto, alikuwa na jasho, alinirushia kijiti kichwani nilipokosea. Alipenda maharage. Nani alipenda maharage? Msiniondolee huyu. Niondoleeni gita, niondoleeni jogoo, niondoleeni nyumba zote zile, mniache na huyu wa kushoto.

Mlinipa adabu, nikaivaa ndani nje.

Ubeti wa kwanza ulikuwa unakwisha. Watu ukumbini walitikisa vichwa kwa adabu, na wale wazee wa nywele chache walitazamana kama watu walioingia msiba wa mtu wasiyemjua. Machozi yalikuwa yanamtoka Zamda, na hakuyaficha.

"Siyo hivyo."

Feruzi alikuwa amesimama.

"Mzee, kaa chini," Mpokezi alisema kwa upole.

"Siyo hivyo unavyokwenda." Hakuwa anasema na Mpokezi. Alimtazama Zamda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango si wake. "Mimi naujua huu wimbo. Wote hapa mlikuwa mnakuja ghalani mnacheza mnaondoka. Mimi nimelala nao. Nimeamka nao. Kwenye kiti pana kitu pale. Kwenye adabu pana kitu." Akaitazama spika, ule mshono wake mzuri, na Zamda aliona inavyomwingia. "Yarabi, nimeushona wimbo mdomo."

Zamda hakusimamisha mkono. Alirudia ileile milio mitatu ya gita, akirudia, akimngoja, bila kujua anangoja nini.

Feruzi alivua kofia. Akafungua kinywa chake kisicho na meno ya kutosha, na kutoka chini kabisa kooni, kutoka mahali alipoificha sauti ile tangu ujana wake akidhani ni adhabu yake, akautoa mkwaruzo. Khrrr. Ulikuwa wenyewe. Haukuwa unafanana nao, ulikuwa wenyewe, na kile kimtetemo kidogo cha mwisho ambacho hata Zamda alikuwa amekisahau. Hakuna mtu duniani aliyeusikiliza mkwaruzo ule kwa makini kama mtu aliyeuchukia.

Zamda alikanyaga sakafu. Feruzi akajibu. Akakanyaga tena, na upande wa kushoto, waziwazi, mtu akacheka kwa kukoroma.

Basi ukumbi ukaamka. Mzee mmoja mwenye kitambi alitoa mkwaruzo, ukamkwama, akakohoa, akautoa tena. Bibi mmoja akautoa puani. Wajukuu wakautoa kwa midomo, wakirusha mate. Kila mmoja alikuwa na wake, mwingine mnene, mwingine wa kuparaza, na wote walikuja kwa pamoja pale buti lilipotua. Ubeti wa pili ulikwenda hivyo, na wa tatu, na sakafu nyeupe ya Nyumba ya Mapokezi ilitikisika mpaka chokaa ikadondoka. Zamda aliimba kwa sauti yake yote. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ghalani, na aliijua ni furaha wakati uleule alipokuwa nayo, jambo ambalo watu wengi hawajaliwi.

Haya, nipeni njaa, hiyo naijua.

Alipomaliza, Mpokezi alijipangusa chokaa begani. Hakupendezwa. Lakini kazi yake ilikuwa kupokea, na kilichosikika kilikuwa kimesikika.

"Umepokelewa," alisema.

Na miaka yote nje ikashusha pumzi, ikajipanga.

Alasiri walirudi kwa njia ya bondeni, Feruzi akivuta mkokoteni na Zamda akisukuma.

"We Feruzi, hata leo umechelewa kuingia," Zamda alisema. "Maisha yako yote unaingia ubeti wa pili."

"Koo lilikuwa kavu."

"Tangu lini koo lako likawa bichi? Kidawa alishakwambia unywe asali."

"Kidawa alinipa asali akaila mwenyewe."

Walicheka. Walipofika kwa wafua bati walisimama dirishani kama walivyozoea, maana watu wa kundi la Kutu hawakuwahi kuupita mwaka ule bila kuusalimu. Ndani ya ghala vijana walikuwa wanaruka. Msichana wa gita, msichana wa mapipa, na pembeni yao kijana mwembamba mwenye msharasi kiunoni, shingo imemvimba, anatoa mkwaruzo kooni mwake huku Kidawa akimnyooshea kijiti na kukoroma kwa kicheko. Watatu. Siku zote walikuwa watatu.

Kule mtaa wa mwaka wa mwisho wa Kidawa mlango ulikuwa wazi, na mtu ameweka maharage jikoni. Walikubaliana kupita huko jioni.

Nyumbani waliishusha spika kwa pamoja. Feruzi aliinama kuifuta vumbi, akapitisha kidole katikati ya karatasi yake, akakirudisha, akapitisha tena.

"Zamda. Nani kashona hapa?"

"Si wewe? Mshona miavuli hapa nani?"

Alisogeza uso karibu. "Uzi ni wangu. Mkono pia kama wangu. Tazama, mtu kahangaika hapa, kafumua, kaanza upya." Akakwangua nta kwa ukucha. "Lakini nani mjinga angepasua spika ya watu?"

Zamda naye aliinama akautazama ule mshono. Ulikuwa mzuri. Uligusa kitu ndani yake, akakitafuta, hakikuwapo.

"Hakuna mtu wa namna hiyo mji huu," alisema. "Lete bilauri, tunywe maji."